Mamba wa Malagarasi analia? Jibu kwa mwalimu wa Uvinza

Swali: "Shikamoo mzee. Nafundisha Kiingereza katika sekondari moja huku Uvinza. Juzi nilikuwa na kidato cha tatu kwenye misemo ya Kiingereza inayotaja wanyama: machozi ya mamba, mbuni kuficha kichwa mchangani, tembo hasahau, farasi wa kupewa usimkague mdomoni, na mingine ya namna hiyo. Mwanafunzi mmoja ambaye baba yake ni mvuvi wa Mto Malagarasi akanyoosha mkono: 'Mwalimu, mamba halii. Sisi tunaishi nao.' Darasa likacheka, nami nikakosa la kumjibu. Je, misemo hii ina ukweli wowote kuhusu wanyama wenyewe, au niwaambie tu wakariri kwa ajili ya mtihani?"

Marahaba, mwalimu. Huyo kijana hajakosea sana. Ameshika nusu ya jibu, na nusu aliyoishika ni kubwa kuliko ile iliyoandikwa kitabuni kwako.

Kazi yangu imekuwa wanyamapori, si lugha, kwa hiyo nitakujibu nikiwa upande wa mnyama. Nikikutana na msemo wa aina hii najiuliza jambo moja tu: aliyeutunga alimshika mnyama huyu kwa mkono wake, au alisimuliwa? Waingereza waliishi na farasi, kondoo, nguruwe, mbwa na paka karne na karne. Wakisema neno kuhusu hao, wasikilize, maana mara nyingi ni kweli tupu. Mamba, mbuni na nyani waliwapata kwenye vitabu vya Warumi na masimulizi ya wasafiri, na huko ndiko chumvi ilikozidi. Kipimo hicho hakikosei mara nyingi, ila kwa mamba kimenipa taabu kidogo.

Habari ya mamba anayelia ilizagaa Ulaya kupitia kitabu cha safari cha karne ya 14 chenye jina la John Mandeville. Humo imeandikwa kwamba mamba humla mtu huku akitokwa machozi. Baadaye Shakespeare akaichukua, akaitia kinywani mwa Othello anapomshuku mkewe, na tangu hapo machozi ya mamba yakawa kilio cha mnafiki. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyewahi kukaa ukingoni mwa mto akimtazama mamba akila. Kwa kipimo changu, basi, msemo ulipaswa kuwa uongo mtupu.

Si uongo mtupu. Mamba ana tezi za machozi kama sisi, na ana kope ya tatu, ngozi nyembamba inayopita juu ya jicho na kulisafisha. Akikaa nchi kavu muda mrefu jicho lake hulowana ili lisikauke. Hilo lilijulikana zamani. Kilichobaki ni kujua kama hulia anapokula, na mwaka 2007 Kent Vliet wa Chuo Kikuu cha Florida, akishirikiana na daktari wa neva aitwaye Malcolm Shaner, walichapisha majibu. Hawakutumia mamba wenyewe bali jamaa zao wa Amerika, aligeta na kaimani, waliofugwa kwenye bustani moja ya Florida na kuzoezwa kula nchi kavu, mahali ambapo jicho linaonekana vizuri. Katika wanyama saba, watano walitokwa machozi kabla ya kula, wakati wa kula au baada ya kula. Wengine jicho lilitoa hata mapovu. Maelezo yao ni kwamba mnyama akila hufoka na kupuliza, na hewa hiyo ikisukumwa kwenye matundu ya fuvu hukamua tezi. Huzuni haimo popote katika shughuli hiyo.

Sasa rudi kwa kijana wako. Mamba wa Malagarasi hali nchi kavu mbele ya watu. Anamvuta windo majini, anabiringika nalo, anainua kichwa ameze, na uso wote unachuruzika maji ya mto. Hata mvuvi mwenye macho makali hawezi kutenga chozi na tone la Malagarasi. Baba yake anasema alichokiona, na alichokiona ni sahihi. Ila tafadhali asije akatokea mjuaji wa kwenda kuhakikisha kwa karibu na mtumbwi wa mbao.

Kuna jambo jingine hapa ambalo wanafunzi hulipenda. Madaktari wana ugonjwa wanaouita kwa jina hilihili la machozi ya mamba, na pia kwa jina la Bogorad, daktari Mrusi aliyeueleza miaka ya 1920. Mtu aliyepooza upande mmoja wa uso, neva ikianza kuota upya, nyuzi zilizokuwa za tezi za mate hupotea njia zikaishia kwenye tezi ya machozi. Kila akitafuna, jicho la upande ule linamwaga machozi. Anakula ugali wake kwa furaha, na aliye mbele yake anadhani amefiwa.

Mbuni, yule anayeficha kichwa mchangani kama mtu asiyetaka kuliona tatizo lake, tusimkalie sana. Plinio Mrumi, katika karne ya kwanza, aliandika kwamba mbuni akiingiza kichwa na shingo kichakani hudhani mwili wote umefichika, na wengine wakageuza kichaka kuwa mchanga. Mbuni hutaga ardhini kwenye shimo la kina kifupi, na mara kwa mara huinamisha kichwa humo ili kugeuza mayai kwa mdomo. Akiwa kwenye mayai na hatari ikaja, hujilaza na kunyoosha shingo chini, na kwa mbali mtu huona kichuguu tu. Ukimfikia, ama anakimbia kwa mwendo unaokaribia kilomita 70 kwa saa, ama anakupiga teke. Huku kwetu Kigoma hayupo. Wanafunzi wako watamwona kama wakifika Serengeti au nyanda nyingine za kaskazini.

Kwa farasi sasa, hapo Waingereza wako nyumbani. Usemi wa kutomkagua mdomoni farasi uliyepewa ni mkongwe kuliko Kiingereza chenyewe. Jerome, yule mtakatifu aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, aliutaja mnamo mwaka 400 na kusema ni methali ya watu wa kawaida. Msingi wake ni meno. Meno ya mbele ya farasi yana vishimo vyeusi juu, na vishimo hivyo hufutika kadiri jino linavyosagika: kwenye taya la chini, yale mawili ya katikati husawazika akiwa na umri wa karibu miaka sita, yanayofuata saba, ya pembeni nane. Akizeeka zaidi meno huinama kwenda mbele na kuonekana marefu. Kwa hiyo muuzaji anaweza kukudanganya kila kitu, lakini mdomo wa farasi hausemi uongo, na ndiyo maana pia Waingereza wakipata habari ya uhakika husema wameitoa mdomoni mwa farasi.

Wanafunzi wako hawana farasi, na sababu yake inafaa kuelezwa darasani: misitu ya miombo ya Kigoma na Tabora ina mbung'o, mbung'o hubeba vimelea vya nagana, na farasi akiumwa na mbung'o hadumu. Lakini mnadani wameenda. Waulize wamewahi kumwona mzee anayenunua ng'ombe anafanya nini kabla ya kutaja bei. Anamshika puani kwa vidole viwili, anainua kichwa, anashusha mdomo wa chini kwa dole gumba na kutazama. Juu hana haja ya kutazama, ng'ombe hana meno ya mbele taya la juu. Chini anahesabu: jozi ya kwanza ya meno makubwa ikiwa imetoka, mnyama ana karibu miaka miwili, jozi zote nne zikiwa zimekamilika amefika minne au mitano, yakiwa yamelika hadi yameachana, huyo anauzwa kwa sababu mwenyewe amemchoka. Sasa mwulize mwanafunzi: mjomba wako akikupa ng'ombe bure, utamfungua mdomo mbele yake? Hapo msemo umeeleweka bila kamusi, na aibu yake imeeleweka pia.

Katika zizi hilohilo kuna nguruwe wa kwenye gunia. Sokoni huko Uingereza mtu aliuziwa mtoto wa nguruwe aliyefungwa ndani ya mfuko, akifika nyumbani akakuta si nguruwe. Sisi tunao wa kwetu na tunautumia kila siku: kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Huo usipoteze dakika hata mbili kuueleza. Waandikie wa Kiingereza, waambie ni yuleyule mbuzi wetu, endelea.

Tembo ndiye anayenipinga, na nafurahi kupingwa. Waingereza hawakufuga tembo, lakini usemi wao kwamba tembo hasahau umesimama. Ushahidi mzuri uko hapahapa nchini. Mwaka 1993 Tarangire ilipigwa na ukame mkali, na katika miezi tisa ndama 16 kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti walikufa. Katika mwaka wa kawaida hufa wachache sana. Vikundi vilivyokuwa na majike wazee vilitoka hifadhini kwenda kutafuta maji na malisho kwingine. Kikundi kilichobaki ndicho kilichopoteza ndama wengi zaidi, na hakikuwa na bibi wa umri huo kwa sababu majangili walikuwa wamewamaliza miaka ya nyuma. Wale majike wazee walikuwa na umri wa kutosha kuwa waliuona ukame wa 1958 hadi 1961. Watafiti, Charles Foley akiwa mmoja wao, wanaona kwamba walikumbuka njia. Huko Amboseli, Kenya, nako, Karen McComb na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba vikundi vinavyoongozwa na majike wazee hutambua vizuri zaidi sauti za tembo wasiowafahamu. Tembo waliokulia kwenye pori la Moyowosi wana hesabu hiyohiyo kichwani, na jangili anapochagua mwenye pembe kubwa anamwondoa aliyekuwa akiijua njia ya maji.

Ila tembo mweupe, yule wa magazetini, mradi mkubwa usio na faida, huyo ana hadithi ya kutiliwa shaka. Tunaambiwa mfalme wa Siam, yaani Thailand ya leo, akimchukia mtu alimpa tembo mweupe ili gharama za kumlisha zimfilisi. Kilicho kweli ni kwamba tembo hao walikuwa watakatifu na hawakufanyishwa kazi. Hiyo ya kumfilisi mtu ni nyongeza ya wageni. Tena si weupe wa chokaa. Wengi ni wa kijivu kilichopauka chenye wekundu wa mbali.

Nyani na sokwe nitawakalia, kwa sababu hawa ni wa Kigoma. Kwa Kiingereza jina la sokwe likigeuzwa kitendo maana yake ni kuiga bila akili, na wana usemi mwingine kwamba nyani akiona hutenda. Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960 aliona kitu ambacho hakikuendana na dharau hiyo: sokwe anavunja kijiti, anakichambua majani, anakiingiza kwenye tundu la kichuguu, anasubiri, anakitoa kimejaa mchwa, anakilamba. Ufundi huo watoto hujifunza kwa kukaa miguuni mwa mama na kutazama. Utafiti wa Gombe uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watoto wa kike hutazama kwa makini zaidi na huanza kuvua mchwa zaidi ya miaka miwili kabla ya wa kiume, ambao muda huo wako kwenye michezo. Wasichana wa kidato cha tatu watakupigia makofi ukiwasomea hilo.

Lakini jaribio ninalolipenda lilifanyika jirani, kisiwa cha Ngamba nchini Uganda, likachapishwa mwaka 2005. Victoria Horner na Andrew Whiten waliwaonyesha sokwe wachanga jinsi ya kutoa chakula kwenye kisanduku kwa kijiti. Katika hatua walizoonyesha, nyingine hazikuwa na kazi yoyote, kama kuchokonoa tundu la juu lisilofika penye chakula. Kisanduku kikiwa cheusi, sokwe waliiga vyote. Walipoletewa kisanduku kinachoonyesha ndani, wakaona lile tundu la juu halina maana, wakaliacha, wakaenda moja kwa moja kwenye chakula. Jaribio hilohilo likafanywa kwa watoto wa binadamu huko Scotland, wenye umri wa miaka mitatu na minne. Wao walichokonoa tundu la juu hata walipoona wazi kwamba halifiki popote, kwa kuwa mtu mzima alifanya hivyo. Kwa hiyo anayeiga bila kuhoji ni mtoto wa mtu. Wataalamu hawalioni hilo kama upungufu. Wanasema ndivyo mila na ufundi mrefu unavyorithishwa. Hata hivyo msemo wa Kiingereza umemsingizia sokwe, na Kigoma ina haki ya kulalamika.

Uko mmoja wa samaki ambao wavuvi wa Kibirizi au Katonga watauelewa haraka kuliko watu wa London: samaki mwekundu, kwa maana ya hoja inayotupwa ili kupotosha watu na jambo lenyewe. Hakuna aina ya samaki mwenye jina hilo. Ni samaki wa bahari za kaskazini aliyetiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi mpaka akawa mwekundu na harufu kali. Mwandishi William Cobbett alisimulia mwaka 1807 jinsi alivyomtumia utotoni kuwapotosha mbwa waliokuwa wakifuata sungura, akiwasema waandishi wa magazeti waliokimbilia habari ya uongo. Mtu aliyekaa na migebuka ya moshi chumba kimoja haulizi kwa nini mbwa walipotea.

Mvua ya paka na mbwa iache kama ilivyo. Jonathan Swift aliitumia mwaka 1738 na ilikuwapo kabla yake. Wanafunzi wakikuletea kutoka intaneti ile hadithi kwamba paka na mbwa walilala juu ya mapaa ya nyasi na kuteleza mvua ikinyesha, ikatae. Ilisambazwa kwa barua pepe mwaka 1999 pamoja na uzushi mwingine, na yeyote aliyewahi kuezeka nyumba ya nyasi hapa Buha anajua mteremko wake. Mbwa gani atapanda kulala pale, tena juu, mahali penye baridi?

Na tusijifanye sisi tuna macho kuliko Waingereza. Fisi tumemfanya mwizi na mla mizoga katika kila hadithi, ilhali mtafiti Hans Kruuk alipowafuatilia usiku kule Ngorongoro katika miaka ya 1960 aliona fisi wakiwinda wenyewe, na mara nyingi simba ndiye aliyekuja kuwapora. Kinyonga naye tunamwogopa kwamba ana sumu, hana. Kwa Kiingereza na kwa Kiswahili vilevile tunamwita kigeugeu anayejibadili afanane na alipo, kumbe rangi zake hubadilika zaidi kwa joto la mwili, hasira na kutongozana kuliko kwa kujificha. Dume akikutana na dume mwenzake hung'aa, hafifii. Ila nyani haoni kundule, hiyo imetungwa na mtu aliyetazama. Nenda Gombe ufukweni, nyani wanapita mbele yako, na zile sugu za matakoni wanazokalia kila mtu anaziona isipokuwa mwenyewe.

Kuhusu mtihani: wataulizwa maana na matumizi, hawataulizwa biolojia, kwa hiyo maana lazima waijue hata pale mnyama anaposingiziwa. Lakini kukariri peke yake huwa kunafutika likizo ikianza. Ningekuwa wewe ningeandika msemo ubaoni, chini yake unavyotumika, kisha ningewaacha wabishane kama mnyama hufanya hivyo kweli, kwa Kiingereza. Watoto wa wavuvi, wa wafugaji na wa warina asali watakuwa na la kusema, na kubishana ndiko kunakowafungua midomo kuliko zoezi la kujaza nafasi.

Mmoja uutazame vizuri kabla ya kuufundisha. Mbwa mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo umetoka Mathayo 7:15, na Biblia yetu inasema mbwa mwitu kwa sababu yule mnyama wa Ulaya na Mashariki ya Kati hatunaye. Mbwa mwitu wetu, mwenye masikio ya mviringo na mabaka ya rangi tatu, ni mnyama mwingine kabisa: huwinda mchana kweupe na wenzake, na akirudi hutapika nyama kuwalisha watoto na waliobaki kulinda pango. Wamebaki wachache, wengi wao wakiwa kusini, Ruaha na Hifadhi ya Nyerere, na kuna mahali huuawa kwa sababu tu ya jina hilo baya. Tafuta picha za wanyama wote wawili, uzibandike ubaoni kabla hujaandika msemo wenyewe.